Programu ya video na macho yangu hawakubaliani nzi anazimia nyuzi ngapi, wataalamu njooni

#1 Moro_Dudu
Habari wakuu. Nafanya utafiti wa masters hapa Morogoro, nzi wa embe, wale Bactrocera dorsalis, napima wanavumilia joto hadi wapi na baridi hadi wapi. Mtambo wenyewe wa kawaida tu, kila nzi kwenye kichupa chake cha kioo, vichupa vimesimama ndani ya wota bathi, yaani beseni la maji linalopashwa joto kwa kipimo, joto linapanda robo nyuzi kila dakika, simu iko juu kwenye stendi inarekodi mwanzo mwisho. Zamani mtu alikaa na daftari anaandika nani kaanguka saa ngapi. Mimi nimepewa skripti ya Python, inalinganisha fremu moja na inayofuata, pikseli zikibadilika ndani ya duara la kichupa inahesabu kuna mwendo, na ile fremu ya mwisho kabisa yenye mwendo ndiyo saa ya kuzimia, hapo unaenda kwenye faili la joto unasoma ilikuwa nyuzi ngapi.

Sasa tatizo. Nikachukua baadhi ya video nikaziangalia kwa macho yangu. Kwenye joto mimi naona nzi kaisha kwenye 44 na kitu, programu inasema karibu 46. Nikasema sawa, inachelewa. Kwenye baridi ikawa kinyume, mimi nilisimama pale na brashi nikaandika 9, programu inasema 11, yaani imewahi kumtangaza kazimia. Ingekuwa inachelewa kote ningetoa tofauti maisha yakaendelea. Hapa nani mkweli?

#2 KitiChaMbele
Ngoja nikae hapa. Nzi anarekodiwa video mpaka anazimia, na kuna watu wanalipiwa ada kwa hilo.

#3 Fundi_Taswira
Mkuu, kwenye joto programu yako inaona vitu ambavyo si nzi. Maji yakishapita 40 mvuke unatengeneza matone ukutani mwa kichupa, tone likiteleza pikseli zinabadilika. Pampu ya wota bathi inatikisa vichupa kidogo kidogo. Taa ya LED ya bei rahisi inapepesa na huu umeme wetu wa hezi 50, jicho halioni ila kamera inaona. Na simu ikiwa kwenye oto inarekebisha mwanga yenyewe, picha nzima inabadilika rangi kwa mpigo, skripti inasoma nzi wote wameruka.

Dawa yake weka kichupa kitupu katikati ya vingine na kingine chenye nzi aliyekufa jana. Kichupa kitupu kikija "kuzimia" kwenye nyuzi 46 njoo unishukuru hapa.

#4 Dkt_Mende
Fundi kaongea ya kamera lakini tatizo limeanza kabla ya kamera. Umepima vitu viwili ukavipa jina moja. CTmax (kikomo cha juu cha joto) tunayoitumia wote ilitoka kwa Cowles na Bogert 1944, walikuwa wanapima mijusi na nyoka wa jangwani huko Marekani, na walimaanisha joto ambalo mnyama anapoteza mpangilio wa mwendo, hawezi tena kutoka mahali patakapomuua. Hajafa, ila hajiwezi. Nzi wako akianguka chali akashindwa kujigeuza, macho yako yanaandika hapo. Baada ya hapo miguu inaendelea kurukaruka yenyewe dakika kadhaa, na kwa kasi yako ya robo nyuzi, dakika 8 tu ni nyuzi 2 hizo unazozitafuta. Programu imeandika mguu wa mwisho. Hakuna muongo hapo.

#5 BwanaTakwimu
Samahani wakuu, mbona hakuna aliyeuliza joto linapimwa wapi? Faili la joto ni la maji au la ndani ya kichupa? Maji yakiwa 46 hewa ndani ya kichupa haijafika, na nzi mwenyewe bado yuko nyuma. Chukua waya wa themokapo, ule wa kupimia joto, uuweke ndani ya kichupa kimoja bila nzi. Naweza kubeti unakosa nyuzi nzima hapo.

#6 Dkt_Mende
#5 hoja nzuri ila haijibu swali. Macho na programu wote wanasoma faili lilelile la joto. Likikosea linawakosea wote sawa, tofauti kati yao inabaki palepale. Themokapo aweke, lakini kwa sababu nyingine.

#7 BwanaTakwimu
Sawa, nimekuelewa, ila namba zake zote mbili bado ni mbovu 😂

#8 Wa_Makueni
Nimepita tu kama mkulima wa maembe. Hii 46 mnaongea ndio ile ya maji moto? Kenya ilijisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya 2014 sababu ya hawa nzi, tukakaa hivyo mpaka 2021 ndio ikafunguliwa, na masharti ya kutumbukiza embe kwa maji moto. Sasa kama nzi anazimia kwa 44 mbona sisi tunaambiwa tuchemshe embe saa nzima na zaidi? Nani anakula stima yetu hapo?

#9 Moro_Dudu
Nimerudi wakuu. Fundi #3, nimefanya ulivyosema. Kichupa kitupu kilikuwa kimya kabisa mpaka kama 40, halafu kwenye grafu ya mwendo kikaanza kuonyesha vilele vidogo vidogo chini kabisa, ni matone, na kila hita ya wota bathi ikiwaka kuna kilele kingine. Kwa hiyo una haki, nusu. Maana kilele cha nzi hai pale kwenye 45 ni kikubwa mara nyingi kuliko cha kichupa kitupu. Nikiangalia video taratibu naona kabisa ni mguu, mguu wa nyuma, unajikunja unajinyoosha, na mabawa yanatetemeka wakati yeye kalala chali. Kwa hiyo Dkt naye ana nusu yake.

Baridi bado sielewi.

#10 KijanaWaPwani
Hebu nijaribu baridi. Ndugu yangu ile skripti inapataje muda? Kama inahesabu fremu halafu inagawa kwa 30, umekwisha. Simu hairekodi fremu 30 kila sekunde, kukiwa na giza inashuka yenyewe 24, 20, hata 15 ili ipate mwanga. Baridi ulirekodia wapi, kwenye friji? Giza hilo. Video ya kweli ya saa moja inageuka dakika arobaini na ngapi kwenye hesabu yako, sasa programu inadhani tukio lilitokea mapema, wakati joto halijashuka sana, inakupa 11 badala ya 9. Imetimia wallahi.

Tumia muda ulioandikwa ndani ya faili la video lenyewe, usihesabu fremu. Au weka saa ya dijiti ionekane kwenye picha pembeni, mambo ya kizamani hayadanganyi.

#11 Fundi_Taswira
#10 umenifurahisha, hiyo imewamaliza wengi. Lakini angalia, kosa hilohilo kwenye joto lingefanya programu iseme joto la chini kuliko macho, na kwake inasema la juu. Kwa hiyo inaeleza baridi, joto haielezi.

#12 KijanaWaPwani
Joto alirekodi kwenye mwanga, fremu zilitulia. Mbona rahisi.

#13 DadaInkubeta
Naona wanaume mnazunguka na simu tu. Mimi nimefanya kazi hizi na mbu miaka kadhaa, ngoja niwaambie kitu cha baridi. Mdudu akipoa anatulia. Hajazimia, katulia. Anasimama pale kwenye ukuta, miguu yote chini, hana sababu ya kutembea. Programu inaona hakuna pikseli iliyobadilika, inaandika marehemu. Moro_Dudu yeye alikuwa na brashi, akimgusa nzi anasogeza mguu, anaandika bado yupo. Hiyo ndiyo 11 na 9 yako. Fremu sijui 15 sijui 30 inaweza kuwepo lakini hata kamera ya milioni kumi ingekwambia 11.

Dawa ni kitu cha kuwasumbua wote kwa pamoja kila baada ya muda, sisi tulikuwa tunagonga raki, wengine wanapuliza hewa. Ila ukigonga sana nao wanachoka, na hewa inawapa joto. Nayo ni kesi yake.

#14 KitiChaMbele
Kwa hiyo kuna mtu kazi yake ni kuwaamsha nzi kwenye friji kila dakika. Mama yangu alisema nisome nikakataa.

#15 Mlima_Mrefu
Hahaha #13 umenikumbusha. Kule juu Mlima Kenya kuna mbawakawa wanaoganda usiku, barafu kabisa ndani ya mwili, jua likipiga asubuhi wanayeyuka wanaendelea na shughuli. Sømme na Zachariassen waliandika habari zao 1981. Hiyo programu ingewaandikia cheti cha kifo kila usiku. Ndiyo maana kwenye baridi watu wengi wanapenda kupima kurudi kuliko kuzimia, unamtoa kwenye barafu unamweka kwenye joto la chumba unaangalia anachukua muda gani kusimama kwa miguu yake. Hapo video ni tamu, maana mdudu anayeamka hana sababu ya kutulia.

#16 DadaInkubeta
Wengine wanaamka wanakaa chali wanarusha mguu dakika nzima kabla ya kusimama. Programu inaanza kuhesabu mguu, mtu anahesabu kusimama. Tumerudi palepale.

#17 Mtoto_wa_Kagera
Naomba nirudi kwa Dkt #4. Hiyo miguu inayorukaruka baada ya kuanguka si kitu cha kupuuza, inawezekana ndiyo inakwambia nini kimeharibika kwanza. Nilivyofundishwa kwenye baridi ni chumvichumvi, mdudu akipoa potasiamu na sodiamu zinapoteza mpangilio, neva na misuli inashindwa kufanya kazi, na baridi ikikaa sana potasiamu inajaa kwenye damu yake na hapo ndipo majeraha yanaanza. Kwenye joto kuna watu wanasema ni neva pia, kichwa kinazima kwa mpigo mmoja huku misuli bado ina uhai, ndiyo maana miguu inacheza bila bosi. Jørgensen na Overgaard na wenzao 2020 walipima hilo kwenye nzi wa Drosophila, wale wadogo wa maabara, neva kuzima kulienda sambamba na nzi kuzimia, lakini hakukueleza nani atapona na nani atakufa.

Kwa hiyo ukipima kuanguka umepima neva, ukipima mguu wa mwisho labda umepima misuli, na ukitaka kifo hujapima hata kimoja.

#18 Dkt_Mende
Hiyo ya neva ni moja ya hadithi. Kuna wanaosema ni oksijeni, joto likipanda mwili unataka nyingi kuliko inayoingia. Kwa samaki hoja hiyo ina nguvu, kwa wadudu wanaopitisha hewa kwenye mirija moja kwa moja mpaka kwenye misuli mimi sinunui sana. Na kuna protini kuharibika umbo. Mnakumbuka yule Ritossa wa Italia, miaka ya 60 mwanzoni, mtu kazidisha joto la inkubeta ya nzi wake bila kumwambia, akaja kukuta kromosomu zimevimba sehemu ambazo hajawahi kuona. Ndiyo tukapata habari za protini za joto, zile mwili unazitengeneza kujikinga joto likizidi. Inkubeta iliyochezewa ikazaa fani nzima.

#19 Mtoto_wa_Kagera
Hizo protini ndizo zinafanya aliyepandishiwa joto polepole awe na muda wa kujiandaa. Kwa hiyo hata kasi ya robo nyuzi ina siasa yake.

#20 Ndorobo_Hunter
Na hapo kwenye kasi someni ya mbung'o. Terblanche na wenzake 2007 walichukua Glossina pallidipes, huyu huyu anayesumbua ng'ombe wetu, wakapima kwa kasi tofauti na kwa joto tofauti la kuanzia, matokeo yakabadilika. Mdudu yuleyule. Halafu watu wanachukua namba moja ya CTmax wanachora ramani ya Afrika ya miaka hamsini ijayo. Bonde la Zambezi kule Mana Pools upande wa Zimbabwe mbung'o wamepungua sana tangu miaka ya 90 huku joto likipanda, na hakuna siku wanaanguka chali wote kwa pamoja kwenye 44. Ni joto la wastani tu linawamaliza taratibu, pupa wanakufa, wakubwa hawaishi muda mrefu.

#21 Wa_Makueni
Bado mimi hamjanijibu. 46 saa nzima kwa nini?

#22 BwanaTakwimu
Kaka Makueni, samahani. Joto peke yake halitoshi, ni joto mara muda. Yeye Moro_Dudu anapandisha joto, nzi anapita 46 kwa dakika chache tu, na kuzimia si kufa, ukimtoa haraka wengine wanaamka. Wewe unataka kuua yai na funza, na funza yuko katikati ya nyama ya embe, joto linachukua muda kufika kule. Wamarekani kwa maembe yanayoingia kwao kutoka Meksiko na Amerika Kusini wanataka maji ya 46.1 kwa dakika 65 mpaka 110, kutegemea ukubwa na umbo la embe. Ukizidisha joto ili upunguze muda unapika embe.

#23 Wa_Makueni
Shukran. Sasa nimeelewa, ingawa stima bado ni bei.

#24 MamaKunde
Nyuzi 2 hizo mnazogombania, sisi huku tunaanika kunde kwenye nailoni nyeusi chini, juu nailoni inayoonyesha, jua la saa sita linaua bungo wote, wale wadudu wanaotoboa kunde, na mayai yao. Hatuna kamera.

#25 Dkt_Mende
Mama shikamoo, hiyo ni kweli kabisa, imepimwa, nyuzi 57 kwa saa moja zinamaliza bungo wa kunde wa kila umri. Ila kwa kunde za kula. Za mbegu angalia zisiungue kiini.

#26 Wa_Makueni
Na ile Osama inaisha kwa hiyo nailoni?

#27 KitiChaMbele
Osama tena?

#28 MamaKunde
Anasema dumuzi, yule wa mahindi. Kwetu Tabora alikofikia kwanza wazee walimuita Scania, maana anabeba ghala zima. Marahaba Dkt.

#29 Mlima_Mrefu
Kurudi kwenye nyuzi 2, Mama usizidharau. Japani kuna nyuki wanamzunguka nyigu mkubwa mamia kwa mamia, wanatetemesha misuli ya mabawa mpaka katikati panafika 46 au 47, nyigu anakufa, nyuki wenyewe wanaweza kufika 48. Wanaishi ndani ya hizo nyuzi 2. Ila hao nao hawashindwi na programu, wanajua tu.

#30 Mpenda_Majina
Swali dogo, huyu nzi si anaitwa Bactrocera invadens? Ndivyo tulivyofundishwa chuo.

#31 Dkt_Mende
Alionekana Kenya 2003, akaandikwa kama invadens 2005, halafu 2015 wakaonekana ni yuleyule dorsalis wa Asia, jina la invadens likafutwa. Daftari lako la zamani mkuu.

#32 Fundi_Taswira
Moro_Dudu kanitumia video ya kichupa kimoja, joto. Nimecheza na kile kiwango cha pikseli, yaani mabadiliko kiasi gani ndiyo tuyaite mwendo. Nikiweka 15 nzi anazimia 45.9. Nikiweka 30, 45.0. Nikiweka 50 anazimia 44.3, sawasawa na macho ya Moro_Dudu. Video moja, nzi mmoja.

#33 BwanaTakwimu
Kwa hiyo unachagua jibu kwanza halafu unatafuta kiwango kitakacholileta. Safi sana.

#34 Fundi_Taswira
Na wewe jicho lako lina kiwango gani, uliwahi kulipima? Mpe video hiyohiyo watu watano bila kuwaambia joto uone watakubaliana. Mtu mwenye vichupa ishirini mbele yake anaangalia kimoja, nzi wa vingine kumi na tisa wanaanguka bila kuonekana.

#35 Dkt_Mende
Msitafute namba moja. Chora mwendo wote kwenye grafu tangu mwanzo. Kwa nzi utaona anahangaika sana joto likipanda, kilele, halafu mwendo unadondoka ghafla, halafu mkia mrefu wa miguu. Ule mdondoko ripoti kama kuanguka, mwisho wa mkia ripoti kama mwendo wa mwisho, na uandike kiwango chako wazi ili mwingine arudie.

#36 DadaInkubeta
Kwa nzi sawa. Mbu wangu wengi hawana mdondoko, wanakaa ukutani kimya tangu 35 mpaka wanadondoka bila kuhangaika. Grafu yao ni mstari bapa na kilele kimoja mwishoni, na kilele chenyewe ni mwili unaanguka chini.

#37 Moro_Dudu
Asanteni wote. Leo nimeweka karatasi nyeusi nyuma ya vichupa, nimefunga mwanga wa simu usijirekebishe, saa ya dijiti ipo kwenye picha. Baridi narudia na kugonga raki kama alivyosema dada. Msimamizi yeye anataka namba moja kwenye jedwali.

#38 Wa_Makueni
Na funza? Anayeniharibia embe ni funza, huyo mzazi anakuja kutaga tu. Yeye mtampiga video vipi akiwa ndani ya embe?

#39 Fundi_Taswira
Unamtoa, unamweka kwenye kisahani cheupe.

#40 Wa_Makueni
Ukimtoa si hapati tena joto kama la ndani ya embe. Hapo mtapima funza wa kisahani.

#41 Moro_Dudu
Na funza kwenye kisahani akisikia joto anajikunja anaruka nje ya duara, programu inaandika kazimia wakati yuko kwenye meza.